Waliokufa Manda hawakuwa wote wanajeshi: tuzielewe kampuni za vita

Siku hizi habari yoyote ya vita ikitajwa hapa Lamu jina linalotoka ni moja tu, mamluki. Polisi wetu walipokwenda Haiti wakaitwa mamluki. Vijana wa Kenya walioonekana kwa video wamevaa magwanda ya Urusi, mamluki. Wazungu wa kambi ya Manda Bay, mamluki, na wale walinzi wenye bunduki wanaopanda meli za mizigo zinazopita bahari hii yetu nao wametiwa kapu hilo hilo. Nayasikia barazani baada ya swala ya alasiri, nayasoma kwa magrupu ya WhatsApp, na wengine wanaoyasema ni watu wazima waliosoma. Shida yake si kwamba ni jina baya. Shida ni kuwa watu hawa wameajiriwa na waajiri mbali mbali, wanafungwa na sheria mbali mbali, hata wakifa wanahesabiwa kwa madaftari mbali mbali, na ukishawachanganya hujui tena ukamshike nani siku mambo yakiharibika. Na kwa maoni yangu kwenye vita hilo ndilo swali la kwanza, hata kabla ya kuuliza nani kashinda: mtu akiuliwa bure, nani atajibu?

Tuanze na jambo la hapa hapa. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliingia kiwanja cha ndege cha Manda Bay, kile cha kijeshi kilicho bara upande wa Magogoni karibu na kambi ya wanamaji wetu (nasema hivi kwa wasomaji wa mbali manake kila mara watu wanakichanganya na kile cha kisiwa cha Manda kinachoshusha watalii, hivyo ni viwanja viwili tofauti). Ndege zikachomwa, Wamarekani watatu wakafa. Mpaka leo ukiuliza utaambiwa "wanajeshi watatu wa Marekani". Si kweli. Mwanajeshi alikuwa mmoja. Wawili walikuwa watu wa kampuni, marubani walioajiriwa kurusha ndege ya upelelezi kwa mkataba wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na mshahara wao ulitoka kwa kampuni iitwayo L3, kampuni ya biashara ambayo hisa zake zinauzwa kule soko la New York. Yani kazi ile ya kuangalia kutoka juu adui yuko wapi, kazi ambayo zamani ungedhani lazima aifanye rubani wa jeshi mwenye nyota begani, ilikuwa imepewa kampuni kwa tenda, na ilifanyika hapa kwenye kaunti yetu, na wengi wetu hatukujua mpaka watu wakafa.

Sasa hiyo ndiyo kampuni ya kijeshi ya kibinafsi. Ni kampuni kama kampuni nyingine, imesajiliwa, ina ofisi na mkurugenzi na akaunti ya benki, ila inachouza ni kazi ambazo kwa kawaida ni za jeshi. Mteja mkubwa ni serikali, lakini kampuni za mafuta na madini pia ni wateja, na hata Umoja wa Mataifa hununua ulinzi kwao sehemu nyingine. Mfanyakazi wake huitwa kontrakta. Kontrakta hali kiapo cha jeshi, anatia saini mkataba, na hapo ndipo tofauti inapoanza, manake mwanajeshi akigoma katikati ya kazi anangojwa na mahakama ya kijeshi lakini kontrakta akigoma kwa kawaida anapoteza kazi, anapanda ndege na kurudi kwao.

Watu wengi wakisikia kampuni ya vita wanaona yule jamaa wa sinema mwenye misuli na miwani myeusi. Wako, sikatai. Lakini ukienda kwenye kambi ya Wamarekani kule Iraq au Afghanistan miaka ile ya vita, kontrakta wa kwanza utakaemkuta ni mpishi. Wa pili dereva wa lori la mafuta. Halafu wafua nguo, mafundi umeme, wazoa taka, na wengi wao hawakuwa hata Wamarekani, walikuwa Wanepali, Wafilipino, Wahindi, na Waafrika pia. Jeshi haliendi popote bila chakula na dizeli, na serikali ya Marekani iliona ni rahisi kuzinunua hizo huduma kuliko kumfundisha kijana kupiga bunduki halafu ukamuweka kumenya viazi. Mwishoni mwishoni kule Afghanistan makontrakta walikuwa wengi kuliko wanajeshi wenyewe.

Juu ya hao wapo mafundi wa mitambo, yani watu wa kutengeneza ndege, kuendesha droni, kusoma picha za satelaiti, kufundisha majeshi ya nchi nyingine. Hawa ndio ninaowaona wa muhimu zaidi kwenye vita vya leo ingawa hawatajwi, manake silaha zimekuwa ngumu mno na aliyeziunda ndie anaejua kuzitengeneza, kwa hiyo jeshi likinunua mtambo linanunua na watu wake. Jirani zetu Somalia wanalijua hili, kile kikosi cha Danab kinachosifiwa kwa kupigana na Al-Shabaab kimefundishwa kwa miaka na watu wa Bancroft, ambayo ni taasisi ya kibinafsi ya Kimarekani.

Kisha wapo walinzi. Hapa Waafrika Mashariki tumejaa. Waganda kwa maelfu walilinda mageti na minara ya kambi za Marekani kule Iraq kuanzia mwaka 2005, kazi ya jua na mavumbi na hatari, na mshahara wao haukukaribia ule wa Mmarekani au Muingereza aliyesimama nao geti moja. Walinzi wa melini nao wako kundi hili. Uharamia wa Kisomali ulipochacha kuanzia 2008 kampuni za meli zikaanza kukodi watu wenye bunduki, na wale wanalinda mali ya mfanyabiashara baharini, hawapigani vita ya nchi yoyote, kwa hiyo ukiwaita mamluki unawaonea. Wanaweza kumuua mvuvi wakidhani ni haramia, hilo ni jambo jingine na ni zito, na sisi wenye ndugu wanaolala baharini na nyavu tuna haki ya kuliogopa.

Na mwisho kabisa, wachache kuliko wote, wapo wapiganaji kamili, wale wanaokodiwa kwenda vitani kushambulia. Hao ndio waliobeba jina la biashara nzima.

Tatizo ni kwamba huwezi kuchora mstari ukasema hapa ulinzi unaishia na hapa vita vinaanza. Mlinzi anaesindikiza malori akishambuliwa njiani atarudisha risasi, tayari yuko vitani. Anaesoma picha ya droni akamwambia afisa "yule pale ana silaha" hakugusa bunduki lakini mtu anakufa kwa neno lake. Kwa hiyo swali la "ni mpiganaji au si mpiganaji" linakwama haraka, ndio mimi narudi kwenye lile langu la nani anajibu.

Hebu tuchukue ujenzi hapa mjini. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, anampa kontrakta wa Mombasa kazi ya kuinua ghorofa juu ya nyumba ya mawe ya zamani. Kontrakta anampa fundi, fundi anachukua vibarua wa kutwa. Ukuta unaanguka kwa jirani unaua mtoto. Jirani akimfuata kibarua anaambiwa nilielekezwa na fundi, fundi anasema nilipewa ramani na kontrakta, kontrakta anasema mwenye nyumba ndie aliyetaka haraka, na mwenye nyumba anasema mimi nililipa pesa zangu nijengewe vizuri, sikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo na mtoto ameshazikwa. Vita vya kampuni ndivyo vinavyokwenda. Yule mlinzi wa Uganda kule Iraq aliajiriwa na kampuni ya Kampala, iliyopewa kazi ya kutafuta watu na kampuni ya Marekani, iliyopewa tenda na jeshi la Marekani, ndani ya nchi ya Wairaqi ambao hawakuulizwa.

Na hii si hadithi ya kufikirika. Tarehe 16 Septemba 2007 walinzi wa Blackwater, kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikiwalinda mabalozi, walifyatua risasi kwenye makutano ya Nisour katikati ya Baghdad, saa za mchana, magari yamejaa. Wairaqi 17 wakafa, watoto wakiwemo. Serikali ya Iraq ilitaka kuwashtaki ikashindwa, kwa sababu utawala wa Wamarekani ulipokuwa ukiondoka mwaka 2004 uliacha amri, Amri nambari 17, iliyosema makontrakta wa kigeni hawaguswi na mahakama za Iraq. Sheria ya kijeshi ya Marekani nayo wakabishana kama inawahusu, manake si wanajeshi. Ilibidi kesi ipelekwe Washington, ikavunjika, ikafufuliwa, na hukumu ikapatikana 2014, miaka 7 baadae, watu wanne wakatiwa hatiani. Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote wanne. Mimi nikisoma habari ile nawafikiria wale wazazi wa Baghdad waliopanda ndege kwenda kutoa ushahidi nchi ya watu, wakashinda kesi, halafu wakasikia kwa habari kuwa waliowaulia watoto wako nje.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kampuni za kijeshi hazina sheria kabisa, hapo pana chumvi kidogo. Sheria ziko, tena nyingi, ila zimetawanyika na kila nchi inashika kipande chake. Mwaka 2008 nchi kadhaa zilikubaliana waraka wa Montreux kule Uswisi, unasema wazi kwamba serikali ikikodi kampuni haiwezi kuihamishia dhamana yake, kama wewe ndie uliyetuma basi sheria za vita zinakubana. Maneno mazuri sana. Lakini waraka wenyewe haufungi mtu jela.

Tuje kwa mamluki sasa, manake hili neno lina maana yake kisheria na ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Itifaki ya kwanza ya Geneva ya mwaka 1977, yani nyongeza ya mikataba ya sheria za vita, imeweka masharti sita na lazima yote yatimie kwa pamoja. Mtu awe ameandikwa makusudi kupigana vita vile. Apigane kweli. Kinachomsukuma kiwe pesa, na aahidiwe malipo makubwa zaidi ya yale ya askari wa cheo chake katika jeshi la upande ule. Asiwe raia wala mkaazi wa nchi zinazopigana. Asiwe ndani ya jeshi la upande wowote wa vita. Na asiwe ametumwa rasmi na nchi nyingine akiwa mwanajeshi wake. Likikosekana moja tu, mtu yule kisheria si mamluki, na wanasheria wengi wanaona masharti haya yalibanwa mno hata mamluki halisi anaweza kuponyoka.

Mamluki halisi tunamjua sisi watu wa pwani kuliko wengine, manake aliichezea nchi ya ndugu zetu. Bob Denard, Mfaransa. Komoro ilipata uhuru Julai 1975 chini ya Ahmed Abdallah, mwezi uliofuata Ali Soilih akampindua, na Denard akaja na watu wake kumsaidia Soilih kumkamata Abdallah kule Anjouan. Miaka mitatu haijatimia, Mei 1978, Denard huyo huyo akashuka usiku na boti na kikundi cha watu kama 50 hivi, akampindua Soilih aliyemsaidia, Soilih akauawa, na Abdallah aliyemkamata mwanzo akarudishwa kuwa rais. Watu wasiojaza hata jahazi mbili wakabadilisha serikali ya nchi nzima. Denard akasilimu, akakaa, akakishika kikosi cha walinzi wa rais mpaka Novemba 1989 Abdallah alipouliwa kwa risasi ndani ya ikulu yake na Denard akiwa mle mle. Akashtakiwa Paris kwa kifo kile, akaachiliwa. 1995 akarudi tena kupindua, safari hii jeshi la Ufaransa lenyewe likaja kumtoa. Aliyejenga jina la msikiti wa Riyadha hapa Lamu, Habib Swaleh, alitoka visiwa vile, na familia zetu na zao zimeoana vizazi na vizazi, kwa hiyo mambo ya Denard kwetu si historia ya mbali. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake wa kupinga mamluki 1977 kule Libreville, na mwaka uliofuata tu Komoro ikaanguka mikononi mwa hao hao.

Ukiyashika yale masharti sita, polisi wa Kenya walioingia Haiti Juni 2024 hawaingii. Walitumwa na serikali, kwa azimio la Baraza la Usalama la Oktoba 2023, na mshahara wao ni wa polisi. Unaweza kuipinga safari ile kwa nguvu zote, na watu waliipinga mpaka Mahakama Kuu Nairobi ikasema Januari 2024 kwamba haikufuata katiba, lakini angalia hapo hapo: kulikuwa na wa kumshtaki, na mahakama ya kumshtaki, na jaji aliyeandika hukumu. Linganisha na waliomuua rais wa Haiti, Jovenel Moïse, Julai 2021. Wengi walikuwa wanajeshi wastaafu wa Kolombia waliokusanywa kupitia kampuni ya ulinzi ya Florida, na baadhi yao wanasema waliambiwa wanakwenda kulinda watu wakubwa. Hapo ndipo ungesema mamluki na mtu asikubishie sana.

Vijana wetu wa Urusi je? Novemba 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia vitani upande wa Urusi. Wengine walikwenda wakijua. Wengine wanasema waliahidiwa kazi za udereva au ulinzi, wakafika wakawekewa mkataba wa Kirusi mbele wasiojua kuusoma, na mmoja aliyekamatwa na Waukraine alionekana akisema alidanganywa. Lakini mkataba ule, kwa kadri unavyojulikana, ni wa jeshi la Urusi lenyewe, si wa kampuni. Akishatia saini ni askari wa Urusi, akikamatwa ana haki ya mfungwa wa vita, na anaepaswa kujibu kwa mshahara wake na maiti yake ni serikali ya Urusi. Wakala wa Nairobi aliyempeleka kwa uongo ana kesi yake nyingine, ya kusafirisha binadamu. Mama anaeambiwa tu "mwanao alikwenda kuwa mamluki" anafungiwa milango yote hii miwili bila kujua.

Urusi wenyewe walikuwa na kampuni, tena ndiyo iliyoleta mkanganyiko mkubwa. Wagner. Sheria ya Urusi inakataza umamluki na haikuwa na nafasi ya kampuni ya aina ile, na mfanyabiashara wao Yevgeny Prigozhin alikana kwa miaka kuwa ni yake mpaka Septemba 2022 alipokiri kuwa ndie aliyeianzisha. Iliingia Ukraine, Syria, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Mali. Huko Afrika malipo mengine yalikuja kwa njia ya migodi ya dhahabu. Wakoloni walipokuja na kampuni zao walifanya hayo hayo, sisi pwani ya Kenya tulitawaliwa na kampuni kabla ya kutawaliwa na serikali ya Muingereza, kwa hiyo tusishangae sana.

Machi 2022 katika mji wa Moura kule Mali, wanajeshi wa Mali pamoja na wapiganaji wa kigeni waliwaua watu wasiopungua 500 kwa siku chache, hiyo ni hesabu ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Mali ilikuwa ikisema wale ni wakufunzi wa Kirusi. Moscow ilikuwa imeshasema zamani hayo ni mapatano ya Mali na kampuni ya kibinafsi, serikali ya Urusi haimo. Na kampuni kwenye karatasi haipo. Ukimtafuta wa kujibu unazunguka pembe tatu unarudi ulipoanza. Halafu Juni 2023 Prigozhin akaasi, akaelekeza watu wake Moscow, na siku chache baadae Putin mwenyewe akasimama akasema Wagner ililipwa yote na serikali, zaidi ya rubli (pesa za Urusi) bilioni 86 kwa mwaka mmoja tu. Kumbe mlipaji alikuwa yule yule aliyekuwa akisema hawajui. Prigozhin alikufa kwenye ajali ya ndege Agosti mwaka ule na Wizara ya Ulinzi ikachukua shughuli za Afrika, saa hizi zinaitwa Africa Corps. Kwa watu wa Moura sioni kilichobadilika.

Kuna hili jambo nalisikia sana hapa na linaniuma kwa sababu wanaolisema wamechoka kweli, watu wa vijiji vyetu vya Hindi, Pandanguo, Kiunga, waliochomewa nyumba na kuzika watu wao. Wanasema Operesheni Linda Boni, ile ya kuwatoa Al-Shabaab msitu wa Boni, ilianza 2015 na msitu bado, si serikali ikodi hizi kampuni ziingie wamalize? Na wanatoa mfano wa Sierra Leone, na mfano ni wa kweli. Mwaka 1995 waasi wa RUF walikuwa karibu na Freetown, serikali ikakodi kampuni ya Executive Outcomes ya Afrika Kusini, watu waliotoka vikosi vya zamani vya makaburu, na kwa muda mfupi waasi wakasukumwa na migodi ya almasi ya Kono ikarudi. Walipigana vizuri, hilo siwanyimi. Wakaondoka Januari 1997. Mei 1997 serikali ikapinduliwa na vita vikarudi. Kampuni ilifanya iliyolipiwa, na kujenga jeshi litakaloitii serikali halikuwa kwenye mkataba.

Lakini mfano ulio karibu na sisi ni Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Pwani kama hii, visiwa, mikoko, Waislamu wavuvi wanaozungumza Kimwani ambacho ukikisikiliza kwa makini utaokota maneno yetu mengi, gesi imegunduliwa, vijana hawana kazi, na kikundi chenye silaha kikaibuka 2017. Serikali ikakodi. Wagner wakaja Septemba 2019, hawakujua msitu wala lugha, wakapoteza watu wakaondoka baada ya miezi michache. Aprili 2020 ikaja Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini na helikopta zake. Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa, marubani wale wakaokoa watu kadhaa kutoka hotelini, lakini mwanzoni mwa mwezi ule ule shirika la haki za binadamu la Amnesty lilikuwa limeshaishutumu kampuni hiyo kuwa helikopta zake zilifyatua risasi kwa raia mwaka wa nyuma, kampuni ikasema itachunguza. Mji uliobadilisha mambo, Mocímboa da Praia, ulirudi Agosti 2021 baada ya majeshi ya Rwanda kuingia, yani jeshi la nchi na nchi. Hata hao Wanyarwanda hawakumaliza vita. Kwa hiyo anaeniambia tukodi watu waingie Boni namuomba aangalie Palma kwanza, halafu anijibu: yule Mboni anaerina asali msituni helikopta ya kampuni itamtambuaje, na ikimpiga kwa makosa mkewe aende kituo gani kuripoti?

Serikali zinapenda kampuni kwa sababu nyingi, na bei si sababu kubwa kuliko zote. Baada ya mwaka 1990 majeshi mengi yalipunguzwa, wanajeshi wenye ujuzi wakamwagika mtaani na kampuni zikawaokota. Kweli pia kwamba kampuni inaweza kuja haraka na kuondoka haraka. Ila sababu ninayoiona nzito ni kwamba kontrakta akifa hakuna jeneza lenye bendera mbele ya kamera. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown ulikadiria kuwa katika vita vya Marekani baada ya Septemba 2001 mpaka 2021 makontrakta waliokufa walikuwa kama 8,000, na wanajeshi wa Marekani kama 7,000. Waliokufa wengi ndio waliotajwa kidogo. Bunge likiuliza "tumepoteza vijana wangapi" linajibiwa idadi ya wanajeshi. Ndio maana hata Manda watu wanakumbuka wanajeshi watatu.

Jambo la mwisho ni la familia, na nalisema kwa sababu Wakenya na Waganda wengi wamefanya kazi hizi na wengine bado wako Ghuba na Somalia. Kwa kawaida kazi ya nje ya Marekani inayofanywa kwa mkataba wa jeshi la Marekani inabanwa na sheria yao ya mwaka 1941, ile ya Defense Base Act, inayomlazimisha muajiri kumkatia mfanyakazi bima ya kuumia na kufa, na inawahusu hata wasio raia wa Marekani, mpishi wa Mpeketoni naye yumo kama rubani wa Texas, ingawa kiwango cha pesa kinafuata mshahara. Kampuni ndogo iliyokuajiri Nairobi ikifunga ofisi, kampuni kubwa iliyo juu yake inaweza kudaiwa. Dai kwa kawaida linapelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu mtu aumie au afe, na hapo ndipo familia nyingi zinapokosa, wanangoja simu ya muajiri mpaka muda unapita. Anaesafiri aiache nyumbani kopi ya mkataba, jina la kampuni ya chini na la ile kubwa, na jina la kambi. Kama wakala hataki kukupa kopi, usipande ndege ile.